Uwanja wa Nani? Tenisi kutoka Sakania hadi Lubumbashi

Reli ilitangulia mji. Desemba 1909 reli iliyotoka kusini, ikiwa imekwisha kupita Bulawayo, Broken Hill na Ndola, ilivuka mpaka na kutua Sakania, stesheni ya kwanza ndani ya Kongo ya Wabelgiji. Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, ilikuwa bado mistari kwenye karatasi. Treni ya kwanza iliingia huko mwishoni mwa Septemba 1910 na kukuta mahema, vibanda vya bati na barabara zilizonyooshwa kwa kamba katikati ya msitu wa miombo. Kwa miaka mingi mizigo ya Katanga iliyoshushwa melini Cape Town au Beira ilipita Sakania kwanza: vyuma vya matanuri ya shaba, saruji, vitabu vya sala, makreti ya pombe, na vikorokoro vya starehe ambavyo Mzungu wa makoloni hakukubali kuishi bila kuwa navyo.

Raketi zilikuwa miongoni mwa vikorokoro hivyo, na mchezo wenyewe ulikuwa bado mchanga. Meja Walter Wingfield aliusajili London mwaka 1874, akiuuza ndani ya sanduku lenye wavu, mipira na raketi. Mashindano ya Wimbledon yalianza 1877. Reli ilipofika Sakania, tenisi haikuwa imetimiza miaka arobaini, lakini ilikuwa imekwisha kufika karibu kila mahali Mwingereza alipopandisha bendera. Katanga haikuwa ya Mwingereza, ila Wazungu wengi wa kwanza wa Elisabethville walitoka Afrika Kusini na Rhodesia. Kiingereza kilisikika madukani, pauni zilipokelewa kaunta, na Brussels ikaingiwa na hofu kwamba mji uliopewa jina la malkia wa Ubelgiji ungemezwa na majirani wa kusini. Serikali ikapambana na lugha na sarafu. Michezo iliachwa ipite, na haraka Wabelgiji wenyewe wakaonekana na suruali nyeupe saa kumi na moja jioni.

Tangu siku hizo, mtu wa Lubumbashi akiuliza acheze tenisi wapi, jibu limekuwa ni kumuuliza yeye swali: unamfanyia kazi nani? Uwanja wa tenisi mjini humo haukuwa wa mji. Ulikuwa wa kampuni ya madini, wa reli, wa misheni, wa klabu ya watu wa taifa fulani, na baadaye wa hoteli. Aliyekuwa kwenye orodha ya mishahara aliingia, na asiyekuwamo aliusikia mpira ukigonga ardhi ng'ambo ya ua wa michongoma. Wafalme wa Ubelgiji, Tshombe, Mobutu na akina Kabila wote wamepita, na kanuni hiyo haikubadilika sana.

Wengi husema tenisi ni mchezo wa wachache kwa sababu unakula ardhi. Hebu tupige hesabu. Uwanja wa tenisi wenyewe una urefu wa mita 23.77 na upana wa mita 10.97. Ukiongeza nafasi ya kukimbilia nyuma na pembeni unapata takriban mita 36.6 kwa 18.3, yaani kama mita za mraba 670. Wachezaji wawili wakigawana, kila mmoja anapata 335. Wakicheza wanne, kila mmoja ana 167. Uwanja wa soka wa mita 105 kwa 68 una mita za mraba 7,140. Wagawie watu ishirini na wawili na kila mmoja anapata karibu 325. Kwa ardhi, basi, mchezo wa mabwana na mchezo wa umma ni sawa, na wanne wakicheza tenisi ndio wanaobana matumizi zaidi. Tofauti iko kwingine. Soka huvumilia mteremko, shimo na kisiki cha mti, na mpira wa matambara unatosha. Tenisi inataka ardhi iliyo sawasawa kabisa, kwa sababu mpira ukidunda kombo hakuna mchezo. Inataka wavu, mipira inayochakaa upesi, mistari inayopakwa upya, na mtu wa kuutunza uwanja kila siku. Penye mtu wa kuutunza pana mtu anayemlipa, na huyo anayelipa ndiye mwenye ufunguo.

Kuhusu kuusawazisha uwanja, nchi hii ilitoa malighafi ya ajabu. Anayejua Katanga ya Juu anajua vichuguu vyake. Si vile vya kufika kiunoni vinavyoonekana kandokando ya barabara za pwani. Hivi ni vilima vya mchwa vyenye mita tatu, nne, hata tano kwenda juu, na kitako cha zaidi ya mita kumi, vimesimama msituni kama nyumba zilizohamwa. Mchwa huchimba udongo mzito kutoka chini na kuupandisha chembe kwa chembe, na matokeo yake ni udongo wa mfinyanzi uliokwisha kuchambuliwa, usio na mawe, unaoshikana ukilowa na kuwa mgumu kama sakafu ukikauka. Sehemu kubwa ya matofali yaliyojenga Lubumbashi yalitoka humo, na hadi leo matanuri ya matofali pembeni mwa mji huanza kwa kichuguu kushambuliwa kwa sururu.

Walowezi wa Rhodesia Kaskazini na wa nchi nyingi za Afrika Mashariki na Kati waligundua mapema kwamba udongo huohuo unafaa kwa tenisi. Kazi yake si ndogo. Kichuguu kinabomolewa, madongoa yanatwangwa, unga unachekechwa, unamwagwa juu ya ardhi iliyopimwa, unanyunyiziwa maji, kisha unabanwa na rola nzito ya chuma au ya zege inayovutwa na watu. Unaachwa ukauke, unamwagiwa tena, unavutiwa rola tena. Mwisho inakuja chokaa ya mistari. Kiangazi cha Katanga, kuanzia Mei hadi Septemba, kinaupenda uwanja wa namna hiyo: anga kavu, jua la wastani, usiku baridi. Lakini mvua za Novemba hadi Machi huugeuza tope, na kila baada ya mvua kubwa watu wa rola wanaitwa upya. Mji uko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na mpira hukimbia kuliko ungekimbia Dar es Salaam au Mombasa. Uwanja wa udongo unaupunguza kasi. Kwa hiyo udongo wa mchwa haukuwa tu nafuu ya maskini wa saruji. Ulikuwa uwanja bora, ilimradi kuwe na mikono mingi ya bei rahisi. Mikono hiyo ndiyo iliyokuwa msingi wa kila kitu Elisabethville.

Kampuni ya madini ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa Oktoba 1906, na kazi ya kuyeyusha shaba kwenye tanuri la Lubumbashi ilianza 1911. Wafanyakazi waliletwa kutoka mbali, Rhodesia, Kasai, Ruanda na Urundi, wakalazwa kambini. Mji nao ukapangwa kwa namna iliyokuwa ikipendwa na wakoloni wa wakati huo: huku Wazungu, kule Waafrika, na katikati eneo tupu la mamia ya mita ambalo halikujengwa nyumba, kwa kisingizio cha afya. Mwaka 1921 ukafunguliwa mtaa wa Waafrika ulioitwa Albert, ambao ndio Kamalondo ya leo. Kenya ilifuata, kisha Katuba na Ruashi. Mwafrika alihitaji kibali kuonekana usiku upande wa Wazungu. Léopoldville ilifanya vivyo hivyo na kulijaza pengo lake uwanja wa gofu, bustani ya miti na bustani ya wanyama, hata michezo yenyewe ikawa sehemu ya ukuta.

Katika mpango huo Mwafrika alikuwa na njia moja ya kuufikia uwanja wa tenisi: kwa mlango wa kazi. Alivuta rola, alikata majani, alibeba chai, au alikuwa mtoto aliyeokota mipira. Waokota mipira ndio shule ya kwanza ya tenisi ya Waafrika karibu kila mji wa bara hili. Walijifunza kwa macho, wakapiga ukutani kwa ubao wakati mabwana wamekwenda kunywa, na wengi wa makocha wa kizazi cha kwanza baada ya uhuru walitokea humo. Historia yao haikuandikwa na vilabu, kwa sababu vilabu viliandika majina ya wanachama.

Hata hivyo Lubumbashi ina bahati ambayo miji mingi haina. Mwaka 1965 chama cha waliokuwa watumishi wa majumbani kilitoa kijitabu kilichopigwa taipu, kwa Kiswahili cha huko huko, kikiitwa Vocabulaire de ville de Élisabethville, kilichotungwa na André Yav. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian alikichapisha upya mwaka 1990 pamoja na ufafanuzi. Kimesimulia mji tangu waanzilishi wake, lakini kutoka jikoni na uani, kwa macho ya mtu aliyekuwa anatandika kitanda cha bwana. Anayetaka kuelewa maisha ya starehe ya Elisabethville asome kijitabu hicho kabla ya albamu zote za picha za vilabu, maana wanaokaa upande wa trei huona mengi zaidi kuliko wanaokaa kitini.

Tenisi ikabaki uani, na wamisionari wakashika soka. Huo ulikuwa uamuzi wa makusudi. Tangu miaka ya 1920 mabwana wa kazi na mapadre walikuwa na wasiwasi na saa za jioni na siku za Jumapili za vijana wa makambini. Vijana hao walikwisha kujipatia starehe yao wenyewe, ngoma ya mbeni, iliyotoka pwani ya Waswahili, ikasambazwa na askari na wapagazi wa Vita Vikuu vya Kwanza, ikaingia Katanga na magwaride yake, vyeo vyake na mavazi yake ya kuigiza wakubwa. Serikali haikuipenda. Wabenedikto wa Elisabethville, na hasa Padre Grégoire Coussement, wakajibu kwa skauti na ligi za soka. Mwaka 1939 wakaanzisha timu iliyoitwa Saint-Georges, ambayo baada ya kubadili jina mara kadhaa imekuwa TP Mazembe, mabingwa wa Afrika mara tano: 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015. Mwaka huohuo wa 1939 watu wa reli wakapata Saint-Éloi Lupopo. Mgawanyo ukawa umekamilika, mpira mkubwa kwa umati na mpira mdogo kwa ua.

Mabwana waliotaka soka itulize watu walipata jibu chungu. Desemba 1941, wakati vita vya dunia vimepandisha bei na mishahara imelala palepale, wafanyakazi wa Union Minière waligoma. Elisabethville walikusanyika kwenye uwanja wa mpira wa kampuni. Gavana Amour Maron alikuja kuwakabili, askari wakafyatua risasi, na watu makumi wakafa pale pale, msemaji wao Léonard Mpoyi akiwa wa mwanzo. Miaka thelathini na kitu baadaye mchoraji Tshibumba Kanda Matulu aliliweka tukio hilo katika mfululizo wa picha zake za historia ya nchi. Ukiuliza kwa nini mtu wa Lubumbashi anautazama uwanja wa michezo kama mahali pa umma hasa, pa kusimama na kudai, siku hiyo ni sehemu ya jibu. Hakuna aliyewahi kugomea kwenye uwanja wa tenisi, hata nafasi ya kusimama haitoshi.

Sakania nayo ilifuata njia yake. Ipo kwenye ule ulimi wa ardhi ya Kongo unaoingia Zambia na nusura uikate vipande viwili, matokeo ya mpaka uliochorwa 1894 na watu ambao hawakuwa wameuona. Ndola iko karibu nayo zaidi kuliko Lubumbashi. Wasalesiani waliofika Elisabethville mwaka 1911 walipewa eneo hilo, na mwaka 1925 Sakania ikawa makao ya jimbo jipya la kimisionari chini ya Joseph Sak. Jimbo lenyewe leo linaitwa Sakania-Kipushi. Kwa Wasalesiani uwanja wa michezo haukuwa pambo. Don Bosco, mwanzilishi wao, aliweka uwanja wa kuchezea pamoja na nyumba, shule na kanisa kama nguzo za malezi ya kijana, na padre alitakiwa awemo uwanjani, si dirishani. Kwa hiyo penye Wasalesiani hapakosi kiwanja, lakini ni kiwanja cha wengi, cha soka, mpira wa wavu na kikapu. Padre mmoja na vijana mia moja hawawezi kuanza na raketi mbili.

Ng'ambo ya mpaka, hata hivyo, tenisi ilichanua. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 migodi ya Roan Antelope, Nkana na Mufulira ilijenga miji mizima ya Wazungu, na kila mgodi ukawa na klabu yenye gofu, kriketi, raga, bwawa la kuogelea na viwanja vya tenisi. Ilikuwa lazima, kwa sababu mhandisi kutoka Johannesburg au Cornwall asingekaa miaka kumi porini bila mahali pa kumalizia jioni. Wachimbaji Waafrika walijengewa kumbi zao za starehe, mbali. Mokambo, upande wa Kongo, inatazamana na Mufulira. Unaweza kusema kwamba katika eneo la Sakania uwanja wa tenisi wa karibu daima umekuwa katika nchi nyingine.

Katika Afrika Mashariki ya Mwingereza mgawanyo ulikuwa wa rangi moja kwa moja, tena wa wazi. Mombasa Sports Club ilianza 1896, Nairobi Club 1901, Parklands 1906, zote za Wazungu. Wahindi wakaunda jimkhana zao, Wagoa wakaunda taasisi zao, na kila jamii ikawa na viwanja vyake vya tenisi na baa yake. Mwafrika hakuwa na klabu ya kuunda kwa sababu hakuwa na ardhi mjini ya kuijengea. Elisabethville ilifanana nayo kwa mavazi mengine. Wagiriki walikuwa na klabu yao, Waitalia na Wayahudi wa kutoka kisiwa cha Rhodes walikuwa na mikusanyiko yao, na makampuni yalikuwa na kumbi zilizoitwa cercle, zenye mgahawa, bwawa na viwanja. Hapakuwa na tangazo mlangoni lililomtaja Mwafrika, wala halikuhitajika. Hata aliyepata kadi ya sifa ya kiraia, iliyoanzishwa 1948, au hadhi ya kisheria ya 1952 iliyotolewa kwa walioitwa walioendelea, alivaa tai na kuzungumza Kifaransa fasaha, na bado aliishia kwenye klabu iliyojengwa kwa ajili yake na mapadre au kampuni, upande wake wa mji.

Uhuru wa Juni 1960, kujitenga kwa Katanga chini ya Tshombe hadi Januari 1963, na kuondoka kwa Wazungu wengi viliyaacha mageti wazi. Lakini badiliko lenyewe lilikuja tarehe 1 Januari 1967, Union Minière ilipotaifishwa na kuzaa kampuni iliyokuja kuitwa Gécamines. Kampuni mpya ilirithi migodi na vyote vilivyoizunguka: nyumba, hospitali, shule, mashamba, bendi na vile vilabu vya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi. Kwa mara ya kwanza mhandisi Mkongomani, daktari Mkongomani na mhasibu Mkongomani waliingia cercle kwa haki ya cheo chao, watoto wao nyuma wamebeba raketi. Watu walisema kampuni ndiyo baba, ndiyo mama, na hawakutia chumvi. Ilitoa unga wa mahindi kila mwezi, ilizalisha mtoto hospitalini kwake, ikamsomesha, ikamfundisha kuogelea. Anayetaka kujua lini watu wengi zaidi wa Katanga walicheza tenisi aitazame miaka hiyo ya 1970 na mwanzo wa 1980. Ufunguo ulikuwa palepale, ofisini kwa kampuni. Waliopewa tu ndio walioongezeka.

Miaka hiyohiyo tenisi ya Afrika ilipata hadithi yake maarufu kuliko zote. Arthur Ashe, Mmarekani Mweusi aliyekwisha kushinda mashindano ya wazi ya Marekani mwaka 1968, alifanya ziara za barani humu. Mwaka 1971, Yaoundé, alicheza na mtoto wa miaka kumi na mmoja aliyemfunga kwa mpigo mkali wa kuanzisha, akavutiwa, akamtaarifu mkuu wa tenisi wa Ufaransa. Mtoto huyo, Yannick Noah, alitwaa Roland-Garros mwaka 1983. Husimuliwa kama muujiza wa kipaji. Mimi naisoma kwa namna kavu zaidi. Babake Noah alikuwa mwanasoka wa kulipwa, familia ilikuwa na mlango wa klabu, na mtoto alikuwa ndani ya ua siku mgeni alipokuja. Vipaji vingine vya Yaoundé, kama vya Kamalondo, vilikuwa nje siku hiyo.

Kisha kampuni iliyokuwa baba na mama ikaugua. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto, Kolwezi, ukaporomoka; mwaka uliofuata askari wasiolipwa wakaanza uporaji Kinshasa, nao ukafika hadi Lubumbashi, na wageni wakahamishwa kwa ndege. Baada ya miaka michache uzalishaji ulikuwa chini ya tani 50,000. Mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, alikiita kitabu chake cha 2001 Bana Shaba abandonnés par leur père, watoto wa shaba waliotelekezwa na baba yao. Mwaka 2003 na 2004, kwa mpango uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka na malipo ya mkupuo mmoja. Ng'ambo ya mpaka, ubinafsishaji wa migodi ya Zambia kati ya 1997 na 2000 ulifanya jambo hilohilo kwa vilabu vya Kitwe na Mufulira. Wawekezaji walinunua shaba, hawakununua bwawa la kuogelea.

Uwanja wa udongo usiovutwa rola hauhitaji adui. Mvua moja ya Januari huchimba mfereji, ya pili hutoa majani, na baada ya misimu miwili mtu akipita haoni chochote. Wa saruji hudumu zaidi, ila nguzo za chuma na ua wa waya vina soko. Na Kongo ina tatizo lake la ziada: kwa sheria ya Julai 1973 ardhi yote ni mali ya dola, na raia hupewa haki ya kuitumia tu. Sheria hiyo ilinuiwa kuwalinda wengi. Mahali ofisi za ardhi zinapouza saini, imekuwa njia rahisi ya kuvikatakata viwanja vya umma, bustani na mapengo ya mjini kuwa viwanja vya nyumba. Malalamiko ya uporaji wa maeneo ya shule na michezo yamekuwa wimbo wa kila mji wa nchi hii. Mita za mraba 670 tambarare, karibu na barabara ya lami, ni kishawishi kikubwa kwa mwenye mhuri.

Sheria mpya ya madini ya mwaka 2002 ilirudisha mitaji, na pamoja nayo wahandisi kutoka Afrika Kusini, Australia, India na China. Lubumbashi ikajengwa upya kwa kasi, na tenisi ikarudi kwa mlango wa hoteli. Grand Karavia, ile hoteli ya enzi za Mobutu iliyo kando ya ziwa katika mtaa wa Golf, ilikarabatiwa na sasa inatoa tenisi pamoja na bwawa lake. Cercle Makutano na klabu ya Wagiriki zimebaki katika orodha ya mahali pa kukutania wenye uwezo. Mgeni anayetafuta pa kucheza leo huelekezwa huko, na ataambiwa alipe kwa siku au awe mwanachama. Ni bei ya haki kwa anayelipwa kwa dola na kampuni ya madini. Mwalimu wa Ruashi hataifikia. Klabu ya Mazembe na kiongozi wake Moïse Katumbi, kwa upande wao, waliweka uwanja wa soka wenye viti 18,500 katikati ya Kamalondo, palepale Wabelgiji walipowapangia Waafrika kukaa, na hilo lilikuwa tamko kwa mji mzima. Tenisi haijapata mtu wa kutoa tamko la namna hiyo.

Miji mingine ya ukanda huu imejaribu njia nyingine, kwa mafanikio tofauti. Kampala ina viwanja vya Lugogo, chini ya Baraza la Taifa la Michezo, na kuwepo kwake katikati ya mji kumewapa Waganda mahali ambapo mtu hahitaji kadi ya ukoo. Kigali imewekeza katika viwanja vya Ecology, Kicukiro, na mwaka 2024 ikaandaa mashindano ya wanaume ya ngazi ya Challenger, jambo ambalo ukanda huu ulikuwa umelisahau. Viwanja vya aina hiyo huchukua muda kuzaa mchezaji. Lakini vinavunja lile sharti la kwanza, la kuuliza mtu anamfanyia kazi nani.

Nairobi ilitoa mfano mkali zaidi. Angella Okutoyi, aliyezaliwa mwaka 2004, ndiye msichana wa kwanza wa Kenya kushinda mechi katika mashindano makubwa ya vijana, Melbourne, Januari 2022. Julai ya mwaka huohuo yeye na Mholanzi Rose Marie Nijkamp walitwaa taji la vijana la wachezaji wawili wawili Wimbledon. Alianza tenisi akiwa mtoto mdogo, si Nairobi Club wala Muthaiga. Alianza Shule ya Msingi ya Loresho, ya serikali, ambako bibi yake aliyemlea alikuwa mtumishi na waliishi palepale. Shule ilikuwa na uwanja na mpango wa kufundisha watoto. Kwa hiyo hata yeye aliingia kwa mlango wa ajira, ajira ya bibi. Lakini mlango huo ulikuwa wa shule ya umma, na darasa zima lilipita pamoja naye.

Hapo ndipo Sakania na Lubumbashi zinaweza kujipatia njia bila kusubiri bwana mwingine wa shaba. Tangu Januari 2012 Shirikisho la Kimataifa la Tenisi limekataza mpira wa kawaida wa manjano katika mashindano ya watoto wa miaka kumi na chini. Wadogo kabisa hutumia mpira mwekundu ulio laini, unaokwenda polepole kwa robo tatu ukilinganisha na ule wa kawaida, kwenye kiwanja cha mita 11 hadi 12 kwa mita 5 au 6, na wavu wa sentimita 80. Vinne vya namna hiyo vinaingia ndani ya uwanja mmoja wa wakubwa. Havihitaji udongo wa kichuguu wala rola. Saruji ya mpira wa kikapu inatosha, na uani mwa shule nyingi za Wasalesiani kuanzia Sakania hadi Kafubu, karibu na Lubumbashi, saruji hiyo ipo. Wavu unaweza kuwa kamba na gunia. Gharama halisi ni raketi fupi, mipira, na mwalimu mmoja aliyefundishwa kwa wiki chache, na mwalimu ndiye kitu kigumu kupata, kwa sababu wanaoujua mchezo huu walijifunza kwenye vilabu vya Gécamines na sasa ni wazee. Wachache kati yao bado wanafundisha watoto wa wageni jioni, kwa malipo ya saa. Mkuu wa shule anayewataka awatafute sasa, na awahi kabla kiwanja chake cha kikapu hakijapata mnunuzi.